Nyanya Zinazonyauka Zikiwa Kijani: Jibu kwa Msomaji wa Bombo

*Asalaam aleikum, mwalimu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Bombo, Uganda, matuta manne ya mboga na magunia machache. Ndiyo starehe yangu nikitoka kazini. Lakini nyanya zimenishinda. Mche unakua vizuri, unatoa maua, unafunga matunda, kisha siku moja mchana majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Jioni yanainuka, kesho yake yanalegea tena, na hazipiti siku nyingi mti mzima umekufa ukiwa bado na rangi yake ya kijani. Huu ni msimu wa tatu. Nimeongeza maji, nimemwaga majivu, nimepulizia dawa niliyouziwa dukani. Tuta lililougua nililipumzisha nikapanda nakati (mboga ya majani) na entula (nyanya chungu), lakini nyanya ziliporudi zikafa vilevile. Jirani anasema ni jicho la watu. Nifanye nini, au niachane na nyanya?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Usiachane na nyanya. Unachotakiwa kuachana nacho, kwa muda mrefu, ni kupanda nyanya ndani ya udongo wa matuta hayo. Dalili ulizozieleza zote zinaelekea upande mmoja, yaani mnyauko bakteria, na ugonjwa huu hukaa ardhini, si kwenye majani. Na katika barua yako yote, sentensi iliyonishtua zaidi ni hiyo ya nakati na entula. Nitaifikia, maana ndiyo inayoeleza kwa nini msimu wa tatu umekuwa kama wa kwanza.

Kwanza tuhakikishe, kwa sababu nyanya hunyauka kwa mambo mengi na kila jambo lina njia yake. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Chukua mti ulioanza kulegea, usingoje ule uliokwisha kukauka. Ukate karibu na ardhi, kisha ukate tena kipande cha shina chenye urefu wa kidole, kutoka sehemu ya chini kabisa. Jaza glasi angavu maji safi, uiache mezani mpaka maji yatulie. Shika kipande kwa kibanio cha nguo au kifunge kwa uzi, ukining'inize ili ncha yake ya chini iguse maji tu, isizame yote. Weka karatasi nyeusi nyuma ya glasi, halafu usiitikise. Kama ni mnyauko bakteria, katika dakika chache utaona nyuzi nyembamba nyeupe, rangi ya maziwa, zikitoka kwenye mkato na kushuka moja kwa moja kuelekea chini ya glasi. Ukiziacha, maji yote huwa na ukungu mweupe. Zile nyuzi ndizo bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wakiwa wamefungwa ndani ya ute wanaoutengeneza.

Ukiziona, huna haja ya kubishana na mtu tena, wala jirani. Mwambie kwa upole aje aangalie glasi. Sisemi hivyo kumdharau: mti mzima, wenye matunda, unaokufa bila doa hata moja kwenye jani, humfanya mtu yeyote atafute sababu isiyoonekana. Na kweli haionekani, kwa kuwa imo ndani ya shina.

Bakteria huyu wanasayansi humwita Ralstonia solanacearum. Mmarekani Erwin Smith ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1896, na tangu hapo amejulikana katika nchi nyingi za joto duniani. Huingia kupitia mizizi, hasa mahali penye jeraha: mizizi iliyokatika wakati wa kupandikiza, iliyoguswa na jembe wakati wa palizi, au iliyotobolewa na minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu. Akishaingia hupanda kwenye mirija inayopandisha maji, akazaana humo mpaka ute wake ukaiziba. Mti unakufa kwa kiu huku udongo umelowa. Ndiyo maana majani hulegea yakiwa kijani, bila kupitia njano, na ndiyo maana usiku yanapata nafuu: jua likizama jani halipotezi maji mengi, na yale machache yanayopenya yanatosha. Mchana mahitaji yanapanda, mirija haiwezi kuyatimiza. Pia ndiyo maana mti huugua ukianza kuzaa, kwa sababu matunda yanadai maji mengi kuliko wakati wowote.

Sasa uone kwa nini juhudi zako hazikufua dafu. Maji uliyoongeza yaliwasaidia bakteria, kwa sababu wanapenda udongo ulioloa wenye joto la nyuzi 25 hadi 35, na huko Bombo wakati wa mvua hali ndiyo hiyo karibu kila mchana. Majivu yanapunguza uchachu wa udongo, jambo zuri kwa mboga nyingi, lakini hayafiki ndani ya mirija ya mti. Ama dawa ya dukani, nakisia ni mankozebu au ndugu yake, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa kila anayetaja nyanya. Mankozebu ni dawa ya ukungu. Inafanya kazi dhidi ya bakajani, ule ugonjwa unaokausha majani kwa mabaka meusi mvua zikizidi. Kwa bakteria aliye ndani ya shina haina lolote. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mnyauko bakteria, iwe ya unga au ya maji, ya bei rahisi au ya bei ghali. Tafadhali usimpe muuza dawa hata shilingi moja zaidi kwa ugonjwa huu. Inaniuma kuona watu wanaolima kwa ajili ya jiko lao wenyewe wakijipulizia sumu wiki baada ya wiki bila faida, halafu wanachuma tunda lenye vumbi jeupe na kumpa mtoto.

Nije kwenye nakati na entula. Wazo lako la kubadilisha zao lilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba hukubadilisha ukoo. Nyanya, nakati, entula, katunkuma (vile vitunda vidogo vichungu), biringanya, pilipili, pilipili hoho, tumbaku na viazi mviringo vyote ni watu wa nyumba moja, na bakteria huyu anawala wote. Nakati yako huenda haikunyauka, kwa sababu huvunwa ikiwa changa na aina nyingine huvumilia, lakini mizizi yake ilimlisha mpangaji wako msimu mzima. Kuvumilia si sawa na kutokuwa na ugonjwa: mti unaweza kubeba bakteria bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo ulipodhani tuta limepumzika, lilikuwa linalishwa. Na usisahau magugu. Mnavu, ule Waganda wanaouita ensugga, ni wa ukoo huohuo, na ntuntunu pia, ile yenye tunda dogo ndani ya ganda jembamba. Wengi wetu huiacha ensugga ijiotee pembeni kwa sababu ni mboga tamu. Katika bustani yenye mnyauko, ing'oe.

Ugonjwa uliingiaje? Mara nyingi huja na miche. Vitalu vya kando ya barabara hujaza viriba kwa udongo uliochotwa popote, na mche wenye bakteria wachache tu huonekana mzima kabisa siku unaponunua. Njia nyingine ni udongo mweusi unaouzwa kwa lori au kwa gunia, jembe la kuazima, viatu, na maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwa jirani aliye juu yako. Chunguza miti ilikufa kwa mpangilio gani. Ikiwa ilianza ya juu kisha ikafuata ya chini kwa mstari, kwa njia ileile yanayopita maji, basi ni maji yaliyobeba. Ikiwa ilikufa huku na huko bila mpangilio, shuku miche. Halafu kuna chanzo ambacho watu hawakifikirii: maganda ya viazi mviringo. Viazi vinavyoletwa kutoka nyanda za juu huko Kigezi vinaweza kuwa na bakteria bila kuoza, na maganda yakitupwa kwenye shimo la mboji, kisha mboji hiyo mbichi ikapelekwa kwenye nyanya, umejipandia ugonjwa kwa mikono yako. Maganda hayo wape mbuzi, au yachemshwe kwanza.

Naongeza neno moja kuhusu migomba, maana najua swali litafuata. Mnyauko wa ndizi uliogunduliwa Mukono mwaka 2001 na kuwatia wakulima wetu hasara kubwa unasababishwa na bakteria mwingine, jamii ya Xanthomonas. Migomba yako haikuambukiza nyanya, wala nyanya hazitaiambukiza migomba. Lakini lile somo la wakati ule, la kusafisha panga kwa Jik (dawa ya klorini ya kufulia) au kwa moto kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine, linafaa hapa neno kwa neno.

Kwa hiyo fanya hivi kwa miti inayougua sasa. Usisubiri ione nafuu, haitapona. Ing'oe wakati udongo haujaloa sana, pamoja na mizizi na udongo unaoizunguka, uitie moja kwa moja ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili isidondoshe udongo njiani. Ichome moto ikikauka, au izike kwa kina mbali na bustani, mahali pasipo na mteremko wa kuelekea kwako. Isiende kwenye mboji. Matunda yaliyokomaa unaweza kuyala bila wasiwasi, bakteria huyu hana habari na binadamu, ila usihifadhi mbegu zake. Osha jembe na kisu kwa maji na sabuni mpaka udongo wote utoke, kisha viloweke dakika kumi kwenye Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa. Tope likibaki, Jik haifanyi kazi. Na siku zote malizia kazi kwenye tuta linaloumwa, usianzie hapo.

Matuta yale manne sasa yape ukoo mwingine. Mahindi ni mazuri kuliko yote. Vitunguu, sukuma, kabichi, karoti na dodo (mchicha) vinafaa pia, na sukuma ukiichimbia ardhini masalia yake baada ya mavuno huongeza uhai wa udongo. Muda? Watu wengi huambiwa msimu mmoja au miwili. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Hapa kwetu misimu ni miwili kwa mwaka, toggo ya Machi hadi Mei na ddumbi ya Septemba hadi Novemba, kwa hiyo misimu miwili ni mwaka mmoja tu, na bakteria huyu huishi ardhini miaka. Nakushauri miaka mitatu kamili bila nyanya wala ndugu zake, magugu yao yakiwa yameng'olewa. Baada ya hapo usirudi na tuta zima. Panda miche miwili mitatu iwe walinzi, uone kama itafika mavuno.

Kuna wanaotandika plastiki angavu juu ya tuta lililolowa, Januari na Februari jua linapokuwa kali, kwa wiki nne hadi sita, ili joto liue vimelea. Inasaidia kwa sentimita chache za juu. Mizizi ya nyanya huenda chini zaidi ya hapo, kwa hiyo ichukue kama nyongeza, isiwe tegemeo lako.

Na nyanya zenyewe? Hapa ndipo bustani ndogo inapomshinda mkulima wa ekari kumi. Yeye hawezi kubadilisha udongo wake, wewe unaweza. Tafuta majerikeni ya lita 20 yaliyochakaa, ukate sehemu ya juu, utoboe mashimo chini, na kila jerikeni lichukue mti mmoja. Udongo wa kujaza uupike. Chukua pipa lililokatwa nusu, weka mawe chini na maji kiasi cha kiganja kufunika mawe hayo, juu yake pitisha wavu, kisha panga udongo wenye unyevu ndani ya magunia ya katani. Funika kwa bati, washa kuni. Katikati ya gunia fukia kiazi kitamu kidogo. Mvuke ukipanda na kiazi kikaiva mpaka katikati, udongo wako umepita nyuzi 70 na bakteria wa mnyauko hawakusalimika. Uache upoe kabisa ukiwa umefunikwa, kisha uchanganye na mboji iliyokomaa au samadi ya kuku iliyokaa miezi kadhaa. Kalimbwe, yaani samadi ya kuku, ikiwa mbichi itaunguza mizizi.

Jambo moja hapa ndilo linalowaangusha wengi: jerikeni lisikae juu ya ardhi tupu. Mizizi itatoka kwenye mashimo itafute udongo wa chini, na matone ya mvua yatarusha tope lenye ugonjwa ndani. Liinue juu ya matofali, au liweke kwenye sakafu ya saruji. Magunia yako ya sasa, kama yalijazwa udongo wa matuta, yahesabu kuwa yana ugonjwa. Panda sukuma humo. Maji ya kumwagilia yawe ya bomba au ya mvua kutoka kwenye bati, si ya mfereji. Mwagilia kidogo kila siku, siku za jua kali hata mara mbili, kwa sababu nyanya ya kwenye chombo ikikauka leo na kufurika kesho huoza kitako, doa jeusi chini ya tunda, na huo si ugonjwa wa kuambukiza.

Miche ioteshe mwenyewe kwenye udongo huohuo uliopikwa. Kuhusu aina, Moneymaker ambayo karibu kila duka inayo haina kinga dhidi ya mnyauko huu. Ukipata MT 56, iliyosambazwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu inauhimili, ichukue hata kama tunda lake si la kupendeza sana machoni. Uwe mwangalifu na pakiti za kigeni zenye herufi V, F na N baada ya jina. V na F ni magonjwa mawili ya ukungu, N ni minyoo fundo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu bakteria, na wauzaji wengi husema tu kwamba mbegu ina kinga ya mnyauko bila kutaja ni mnyauko upi.

Kwa kuwa umesema bustani ndiyo starehe yako, nitakutajia na kazi ya mikono ambayo nadhani utaipenda: kuunganisha mche wa nyanya juu ya shina la biringanya. World Vegetable Center, ambayo ina kituo Arusha, imependekeza kwa miaka mingi biringanya yao iitwayo EG203 kwa kazi hii, kwa kuwa mizizi yake huhimili mnyauko bakteria na pia kusimama ndani ya maji. Biringanya yoyote ya sokoni haifai, kwa sababu nyingi huugua ugonjwa huohuo. Biringanya huoteshwa siku chache kabla ya nyanya, maana hukua polepole. Mashina yakifika unene wa milimita 2 hivi, unayakata yote mawili kwa wembe safi, kwa mshazari ulio sawa, unayakutanisha na kuyabana kwa kipande cha mrija laini wa plastiki uliopasuliwa upande mmoja. Kisha miche hukaa kivulini chini ya plastiki yenye unyevu kwa takribani wiki moja, ukiizoesha mwanga kidogo kidogo. Michache itakufa, ndiyo kawaida ya kazi hiyo. Unapopandikiza, kiungo kibaki juu ya udongo, tena mbali nao, kwa sababu shina la nyanya likigusa ardhi hutoa mizizi yake lenyewe na kinga yote inapotea. Ukiona mizizi midogo inachomoza juu ya kiungo, ikate mara moja.

Ningekushauri uanze na majerikeni msimu huu na uunganishaji uuache kwa msimu ujao, ukishakuwa na uhakika kwamba udongo uliopika uko safi.

Ukifanya kipimo cha glasi na maji yakabaki safi baada ya robo saa, sahau karibu yote niliyoyaandika. Hapo pasua shina kwa urefu na uchimbue mizizi. Mstari wa kahawia ndani ya shina, pamoja na majani ya chini yaliyoanza kuwa njano upande mmoja, ni mnyauko wa ukungu. Vinundu kwenye mizizi ni minyoo fundo. Utando mweupe kwenye shina usawa wa ardhi, wenye chembe ndogo za kahawia, ni kuvu nyingine tena. Piga picha ya shina lililopasuliwa na ya mizizi iliyooshwa, uniandikie pia miti ilianza kufa upande gani wa tuta, nami nitakujibu kulingana na hizo.